Mbuzi Niliowapaka kwa Mkono Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, maana neno hili nimelificha miaka mingi na linanitoa jasho.

Ndugu zangu, mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Miaka ile wakimbizi wakishuka ziwani kwa maboti, nilikuwa na mbuzi sita hapa Katubuka. Nyuma ya nyumba yangu alikaa mama wa Kirundi, Mama Jenoveva, na kichanga chake mgongoni. Kila asubuhi alisimama kwenye uzio: "Amahoro, mama! Mbuzi wako wazuri!" Mie namtazama kwa jicho la pembeni tu.

Kupe walipozidi, nikanunua dawa sokoni, imetiwa kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi. Muuzaji akasema ni ya kuchanganya na maji. Mie nikajifanya mjuzi: maji si yatakauka? Nikaikoroga na mawese ili ishike, nikawapaka wote kwa mkono, masikio hadi mkia. Wakang'aa wekundu.

Saa sita mchana kukawa kimya. Jamani, kimya gani kile! Nikatoka. Mbuzi wote wameelekea ukutani, hakuna anayelia. Machozi yanawatiririka, mate yanafika chini, ngozi inacheza yenyewe. Nzi waliotua juu yao walikuwa wanadondoka wafu miguuni pao. Kuku akawadonoa wale nzi, akazunguka mara mbili, akalala moja kwa moja. Nikamwangalia beberu wangu machoni. Mboni zimekuwa kama tundu la sindano, nikahisi kuna mtu mwingine humo ndani ananitazama. Beberu akaanguka.

Nikapiga yowe: "Mchawi! Yule Mrundi kaniulia mbuzi!"

Watu wakajaa na fimbo, mmoja na kiberiti mkononi. Mama Jenoveva akaburutwa nje, kichanga kinalia. Mlango niliwaonyesha mimi, ndugu zangu. Mimi!

Yule mama hakukimbia. Aliwatazama mbuzi, akanusa hewa, akanishika mkono huu hapa, akaunusa.

"Mama, hii ni dawa ya wadudu wa pamba. Nililima pamba kwetu. Ukiitia mafuta inaingia mwilini. Lete sabuni na maji, uoge na wewe, haraka!"

Hapo ndipo nikaona vidole vyangu vinacheza kama ngozi ya wale mbuzi, na mate yamenijaa mdomoni.

Aliniosha mimi kwanza, mbele ya wale wenye fimbo. Kisha akaosha mbuzi. Walipona wawili. Watu walitaka nyama ya waliokufa, akasimama mbele yao akakataa mpaka shimo likafukiwa. Wangapi tungezikana siku ile?

Na mimi? Niliona aibu. Nilimshukuru chini chini, lakini mbele za watu sikufuta lile neno. Waliendelea kumwita mchawi hadi alipopandishwa lori kwenda kambini, nami nikachungulia dirishani tu.

Leo nasema kwa sauti: Mama Jenoveva hakuwa mchawi! Sumu niliipaka mimi. Asante Yesu, uliitoa mwilini mwangu ile sumu, na leo umeitoa mdomoni. Kama yupo hapa aliyempa mwenzake jina lile, asiogope, Bwana anapokea. Njoo mbele tuungame pamoja, kisha nenda ukagonge mlango wa huyo mwenzako leo hii, maadamu angali anakaa pale. Wa kwangu, Mama Jenoveva, sijui hata kama yu hai.