Upinde wa Dobi na Benchi Langu

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia huwa wanasahau. Nililigonga misumari mwenyewe, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu ili mteja aliyevua kiatu kimoja apate pa kukaa. Mteja gani atapata nafasi? Tangu asubuhi limekaliwa na Redio, muuza chaja na vifuniko vya simu, ambaye ameitwa hivyo kwa kuwa hazimwi. Pembeni yake yupo Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, anayeweza kumwacha mtu na povu kidevuni ili aje kumalizia ubishi. Shangazi anasimama na birika lake la kahawa na ndoo ya vikombe. Yeye ni shangazi wa kweli wa Dobi, ndugu wa baba yake. Sisi wengine tunamwita hivyo kwa kufuata mkumbo. Na Dobi mwenyewe, ambaye kibanda chake cha kupigia pasi kinatazamana na changu, siku hizi hakai. Anakunywa kahawa amesimama. Hatua nne huku, hatua nne kule, mpaka sisi tuliokaa ndio tunachoka.

Tulimzika mkewe mwaka jana. Tangu hapo hatulii. Anaunguza mashati ya watu, yeye ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kuacha hata alama. Kisha mteja mmoja akamkaribisha kwenye uwanja ulio nyuma ya kituo cha zimamoto, wanakofanya mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Akaazimwa upinde, akapiga. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu.

— Fundi, nikivuta ule ugwe wa upinde, kwa pumzi tatu kichwa kinanyamaza. Pumzi tatu tu. Sijapata hiyo popote.

Nikamwambia aende kila Jumamosi, na amekuwa akienda. Lakini watu wamezidi uwanjani, na mwalimu wao akatangaza kwamba pinde za kuazima hazitoshi tena: kuanzia Jumamosi hii, asiye na upinde wake asije.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ndiyo leo. Saa mbili na nusu asubuhi, mazoezi saa nne, na Dobi hajaonekana.

Msidhani kijiwe hakikumsaidia. Wiki tatu nzima tumehangaika naye. Dukani aliukuta upinde mpya, wa zile ncha zilizobinuka, kwa bei ambayo unanunua pasi sita za umeme na nauli ya kuzibeba inabaki. Wembe akasema hakuna haja, yeye atautengeneza kwa bomba la maji la plastiki. Akalichemsha juu ya jiko la Shangazi, akalikunja, akalifunga kamba. Dobi alilivuta mara moja, nalo likabaki limeinama hivyohivyo, halikurudi tena. Redio naye akaagiza mmoja alioupata kwenye simu, bei ya kutupa. Ulipofika, mishale yake ilikuwa na vipira vya kunatia kwenye kioo.

— Kwenye picha ulikuwa mkubwa, alijitetea Redio.

Basi leo tukiwa kwenye kikombe cha pili, tukamwona Dobi anakuja mbio, kifurushi kirefu cha kitambaa amekikumbatia kifuani.

— Nimeupata! Jamani, nimeupata. Wa mbao, ratili ishirini na nane za kuvuta, uzito wangu kabisa. Tangazo lilikuwa ubaoni kule uwanjani. Nimekwenda alfajiri, mjukuu wa muuzaji akanikabidhi mlangoni, mwenyewe alikuwa anaoga.

— Bei? Redio aliuliza.

Dobi akaitaja.

— Aa, hapana, Redio akaweka kikombe chini. Kwa bei hiyo hata hicho kitambaa hupati. Una kasoro huo. Fungua tuone.

Akafungua. Ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Mti mweusi umelala juu ya mti wa rangi ya asali, umesuguliwa mpaka unateleza, na mahali pa kushika pana ngozi iliyoshonwa na mtu anayejua kazi. Ugwe ulikuwa pembeni, umekunjwa, haujafungwa. Lakini zile ncha mbili zilikuwa zimejikunja, na upinde mzima umeinama kidogo kufuata ncha zake.

— Si nilisema? Redio akapiga kofi paja lake. Umepinda! Gari lilirudi nyuma likaukanyaga.

— Nadhani wenyewe huwa… Dobi alianza.

— Gari gani, bwana? nikadakia. Mimi ni mtu wa gundi. Kiatu ukikisahau juani, soli inajikunja kwenda juu, hivihivi. Huu umeachwa juani mwaka mzima.

— Ule wa klabu nilikuwa nakabidhiwa tayari umefungwa, lakini nadhani…

— Kunywa kahawa kwanza, mwanangu, Shangazi akamtia kikombe mkononi. Umekimbia, jasho linakutoka.

Dobi akakipokea, akazunguka benchi, akarudi. Kahawa ikamwagika kwenye kiatu nilichomshonea juzi. Nikamsamehe kwa heshima ya marehemu.

Wembe alikuwa ameuchukua upinde. Akaushika kama anavyoshika kichwa cha mteja, akaugeuza huku na huku, akafumba jicho moja.

— Ninyi wote hamjui kutazama, alisema. Haujapinda kwa bahati mbaya. Ndivyo ulivyotengenezwa. Angalieni: unajikunja wenyewe. Huko unakojikunja ndiko unakotaka kwenda. Unafunga ugwe hukohuko, kutoka ncha hadi ncha, umemaliza.

— Lakini hapo ncha zitamtazama mpigaji usoni, Redio akasema.

— Ndiyo!

— Ndiyo nini?

Wembe akashusha sauti. Akiishusha sauti huyu, ujue uongo unakuja.

— Ncha zinamtazama usoni. Mshale unatoka, unakwenda, unafika mahali, unageuka. Ndiyo maana bei rahisi. Yule aliyeuza ni mjane. Mumewe alipiga, mshale ukamrudia. Fikirini wenyewe: kwa nini mtu auze alfajiri? Kwa nini ajifiche bafuni?

— We Wembe! Shangazi akaja juu. Mtoto wangu kafiwa, bado hajakauka machozi, na wewe unamletea maiti nyingine hapa?

— Nasema ukweli, Shangazi.

— Ukweli wako ukaseme kwa wale unaowakata masikio!

— Jamani, tusigombane, Redio akaingilia, na nilipomwona anapangusa mdomo nikajua kuna kingine. Mimi nauza vifaa. Antena nikiiona naijua. Ile ngozi katikati ni ya kuzuia umeme. Huo ni wa watu wanaosikiliza simu za watu.

— Upinde? niliuliza.

— Ndiyo, umefanywa kama upinde. Ungefanywa kama antena si ungekamatwa?

Sasa hapo mtu mzima ungetegemea nimwambie Redio afunge mdomo. Sikumwambia. Nilisema hata kama ni antena, gundi yake imelegea kwa jua, na tukiukandamiza kwa nguvu sawasawa pande zote utanyooka. Nilisema hivyo mbele ya watu. Nalikumbuka hilo na linaniuma.

— Saa ngapi? Dobi aliuliza.

— Saa tatu kasoro tano.

— Kutoka hapa hadi uwanjani ni nusu saa. Nadhani tungempigia yule aliyeniuzia…

— Usiwe na wasiwasi, kaka, Wembe alimshika bega. Saa tatu na robo uko njiani. Leteni huo ugwe.

Tukashika kazi. Ncha ya chini tukaichomeka chini ya ubao wa benchi, ile ya juu Wembe akaielemea kwa mikono miwili. Redio akapanda, akaketi juu ya benchi ili liwe zito. Mimi nikashika kitanzi cha ugwe, nikawa nakivuta kuelekea ncha, upande uleule Wembe aliosema. Dobi alisimama nyuma yetu. Nilikuwa nasikia pumzi zake, fupifupi.

— Taratibu, jamani, Dobi alisema. Taratibu.

— Bado kidogo!

— Unalia huo, Wembe, Redio alisema.

— Unalia kwa kuwa ulikuwa umelala. Vuta, Fundi!

Nikavuta. Kitanzi kikafika kwenye ncha, kikakosa kuingia kwa unene wa ukucha. Wembe akaelemea kwa kifua. Mbao ikatoa mlio mwembamba, kama mlango wa nyumba usiofunguliwa siku nyingi.

— Simameni! Toeni mikono!

Sauti ya mwanamke. Na papo hapo: KRAA!

Shangazi alishika kinywa. Mimi niligeuka nikamwona Dobi, na naomba nisiuone tena uso ule. Niliuona mara moja tu kabla ya leo, siku ile tunarudi kutoka makaburini.

Ndipo Redio akaanza kuteremka polepole, yeye na upande mmoja wa benchi, mpaka chini.

Mguu wa benchi. Mguu wa benchi langu ndio uliovunjika. Upinde ulibaki mikononi mwa Wembe, mzima. Ikawa mara ya kwanza maishani kushukuru kwa kuharibiwa mali yangu.

Mwanamke alikuja akauchukua kwa mkono wa kushoto, bila kuomba. Miaka sitini hivi, mfuko mdogo begani, na mkono wa kulia ameubana mbavuni kama umeshonewa hapo. Akaupitishia kidole upinde wote, ncha hadi ncha, akitafuta ufa. Hakuupata. Akashusha pumzi.

— Ulikuwa wangu mpaka leo alfajiri, alisema. Mjukuu amesahau kutoa kamba ya kuukunjia wakati wa kufunga ugwe. Alisema mnunuzi ni dobi; nikauliza, nikaambiwa yuko mbele ya fundi viatu.

— Pole sana, mama, Wembe alisema. Pole na msiba wa mzee.

— Mzee gani?

— Mumeo. Kwa mshale.

— Mume wangu nimemwacha anakoroma. Hajawahi kushika hata manati.

Redio alicheka akiwa bado chini. Wembe akatazama viatu vyake.

— Basi kwa nini bei rahisi? Redio aliuliza.

— Bega limechakaa. Nimeuvuta miaka kumi na tisa, sasa hata kikombe nanyanyulia mkono huu mwingine. Niliweka bei ya mtu atakayeupiga. Sitaki autundike mtu sebuleni.

Hakuna gari, hakuna jua, hakuna maiti, hakuna antena. Bega. Mama akatutazama mmoja mmoja, si kwa hasira, kwa kutaka kujua tu.

— Kati yenu, nani amewahi kupiga upinde?

Vidole vyote vikamwelekea Dobi: cha Redio, cha Wembe, cha Shangazi, na changu.

— Na upinde ni wake?

— Ni wake, tulisema.

— Mlipokuwa mnaufunga, yeye mlimuuliza nini?

Nilimtazama Wembe. Wembe alimtazama Redio. Redio, mtu asiyezimwa, akaanza kuokota misumari ya benchi. Shangazi aliinama akaanza kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimuuliza Dobi jambo lolote nikangoja ajibu. Si upinde tu. Jambo lolote, tangu mazishi. Sikukumbuka.

— Wewe ulionaje? mama yule akamgeukia.

— Niliona ule wa klabu ukifungwa ncha zake zinatazama mbele, Dobi alisema. Kwenye shabaha.

— Basi ulikuwa unajua.

— Nilikuwa najua.

Mama akatoa ile kamba kwenye mfuko. Kila mwisho ulikuwa na kikoba cha ngozi cha kuvisha ncha, na kimoja mshono wake ulikuwa umefumuka. Nikaunyosha mkono nikichukue, ndiyo kazi yangu hiyo, kisha nikajizuia.

— Dobi, nikushonee? Au unaonaje?

Akafikiri. Nikangoja. Saa ilikuwa inakwenda, nikangoja.

— Shona, Fundi. Uzi mara mbili.

Nilishona nimesimama, benchi halikaliki tena. Sindano niliisikia kila ilipopenya ngozi. Nilipomrudishia alivisha vikoba kwenye ncha, akaikanyaga kamba kwa miguu yote miwili, akaunyanyua upinde kuelekea juu. Ukakubali, ukainama kinyume kabisa cha tulivyotaka sisi, na ugwe ukaingia mahali pake bila mlio wowote.

— Usiachie bila mshale, utauvunja, mama alimwambia. Vuta, kisha urudishe.

Dobi akasimama katikati ya barabara yetu, ubavu kuelekea ukuta, miguu ameipanua. Akavuta mpaka mkono ukagusa kona ya mdomo. Mkono ule uliokuwa unamwaga kahawa haukutikisika. Pumzi moja. Ya pili. Redio akavuta hewa aseme kitu, nikamkanyaga mguu. Ya tatu.

Akarudisha polepole.

— Kichwa kimenyamaza? nilimuuliza.

— Kimenyamaza.

Mama yule alikuwa ameshika bega lake, anatazama pembeni. Dobi akamshukuru, akaufunika upinde wake kwa kitambaa, akaondoka kuelekea zimamoto. Hakukimbia. Sisi tulibaki wima kando ya benchi lililolala, na Shangazi alipoinamisha birika halikutoa hata tone. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa bado tunatafuta jibu la lile swali la mama: yeye tulimuuliza nini.