Jumapili za Profesa

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, limeegemea duka la viatu lililofungwa, hatua mia tatu kutoka geti la mashariki la Taj Mahal. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kufika getini, kwa hiyo wageni wote hupita mbele ya jiko langu kwenye vigari vya umeme, na mimi nawaona kabla wao hawajaiona Taj. Nauza chai ya tangawizi kwa vikombe vya udongo. Wenye benchi ni watatu. Girdhari, tunayemwita Profesa, anaongoza wageni mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ramsevak anaendesha rikisho ya betri na anaitwa Breki kwa sababu hana. Iqrar, yaani Flashi, ni mpiga picha ambaye kazi yake imeliwa na simu za watu. Mimi wananiita Shemeji, ingawa mume wangu si ndugu wa yeyote kati yao. Asubuhi hiyo ilikuwa Jumapili ya Januari, ukungu umeshuka mpaka duka la ng'ambo huoni ila taa yake.

Kigari cha umeme kikatokea ukunguni. Mbele alikaa Nuzhat, shali ya kijani, kadi ya kuongoza wageni shingoni, na nyuma yake watu kumi na wawili wa treni ya Delhi. Akapunga mkono. Nikapunga. Benchi halikupunga.

— Mmeona? — Profesa akasema. — Kumi na wawili. Wale ni wangu.

— Unawajua? — Flashi akauliza.

— Sihitaji kuwajua! Wageni wa Jumapili ni wangu. Miaka tisa, treni ya asubuhi ikifika, ajenti wa safari anampigia nani? Girdhari. Taj, Ngome, kaburi la ng'ambo ya mto, Sikandra, chakula, Fatehpur Sikri, halafu kituoni. Siku moja tu, majengo yote ya wafalme, na hakuna mgeni wangu hata mmoja aliyewahi kuachwa na treni. Leo Jumapili ya tatu simu haijalia.

— Labda haina chaji.

Huyo alikuwa Breki.

— Ina chaji, Breki.

— Basi ndugu yangu, usilie. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Inahusiana vipi?

— Si ndiyo maana wageni wanavalishwa mifuko ya viatu kabla ya kupanda kwenye marumaru?

Hakuna aliyebisha. Baridi ilikuwa kali na mdomo una kazi ya kupuliza chai.

— Mimi nawaambia ni petha, — Flashi akasema. — Yule mwanamke anampelekea ajenti petha ya zafarani, boga lililopikwa kwa sukari, boksi zima, kila Ijumaa Taj ikifungwa. Wewe Profesa ulishawahi kumpelekea ajenti hata kipande?

— Ajenti ana kisukari.

— Ana mke.

Profesa akatazama kikombe chake kama kimemtukana.

— Petha haiwezi, — Breki akasema. — Petha kila mtu anayo, mji huu mzima unanuka petha. Huyu ana asili. Mmemuuliza jina la babu yake? Mirza! Mirza ni jina la nani? La watoto wa wafalme. Nyanya yake amemwachia ufunguo wa chini, kule kwenye makaburi yenyewe. Nyinyi mnawaonyesha wageni makaburi ya juu, yale ya maonyesho. Yeye anawashusha.

— Kule chini panafunguliwa siku tatu kwa mwaka, — Profesa akasema, — na askari wanne mlangoni.

— Kwa mlango unaoujua wewe.

— Una maana kuna mwingine?

— Mcheza kwao hutunzwa, — Breki akasema, akanyamaza kama mtu aliyekwisha kuthibitisha.

Nilimjua babu yake Nuzhat. Alikuwa anafufua magodoro, anapiga pamba barazani mpaka mtaa mzima unapiga chafya. Sikusema. Ukiwavunjia watu uongo wao mapema, wanakunywa kikombe kimoja na kuondoka.

— Lakini mlango mwingine upo, — Profesa akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ile ya kazini. — Handaki. Kutoka kaburini hadi Ngome, chini ya mto. Marehemu mwalimu wangu aliniambia. Na nyumba ya Nuzhat iko wapi? Katikati! Mnaelewa? Wageni wake hawapangi foleni. Mimi nasimama na watu wangu saa nzima, wake wanatokea tu ndani, wakavu, wanacheka.

— Ananunua tiketi jana yake kwenye simu, — nikasema.

— Shemeji, weka maziwa kwenye chai, usiweke kwenye mazungumzo.

— Na nyani je? — Flashi akauliza.

Tukamgeukia.

— Hamjaona? Nyani wa geti la magharibi. Mgeni wa Profesa akipita, miwani imekwenda. Mgeni wa mtu yeyote, kofia imekwenda. Wa Nuzhat akipita, nyani wamekaa ukutani wamekunja mikono kama wanafunzi. Nimepiga picha. Yule nyani mkubwa, mwenye sikio lililochanika, anamwamkia.

— Anamwamkia vipi?

— Kwa kichwa. Hivi.

Flashi akainamisha kichwa kwa heshima kubwa. Breki naye, bila kutaka, akamwitikia.

— Kwa hiyo amewalisha, — Profesa akasema polepole. — Amewaajiri. Nyani wanawaibia wangu, wangu wanakasirika, wanamwandikia ajenti barua mbaya. Kila kitu kinakaa mahali pake sasa.

Hapo nikashindwa. Nina watoto watatu, nimeamka saa kumi alfajiri, na kuna kiwango cha ujinga ambacho mtu aliyemaliza sekondari hawezi kukipikia chai.

— Girdhari, — nikasema, na nilipomwita jina lake wote wakajua nimekasirika, — Jumapili yako ile ya mwisho kulikuwa na ukungu kama huu. Uliwafikisha wageni, Taj haikuonekana, ukawaambia haya basi, twendeni dukani. Ukawakalisha kwenye duka la marumaru la ndugu ya mkeo kwa muda wa saa mbili na nusu, mnawamulikia sahani kwa tochi waone jiwe linavyowaka. Nuzhat alikuwa na familia moja siku hiyo hiyo. Aliwakalisha ndani, kwenye ngazi, akawahadithia mpaka ukungu ukafunguka. Wako walitoka dukani, wakawakuta wa kwake wanatoka getini na picha. Walikunywa chai hapa pamoja. Wakalinganisha. Nilikuwa namimina, nilisikia.

Profesa akavuta blanketi lake mabegani.

— Duka liko kwenye ratiba, — akasema mwishowe. — Kila kiongozi ana duka. Hata yeye.

— Anawapeleka wakiomba.

— Wewe unamtetea kwa sababu mlisoma pamoja.

Simtetei. Nataka hilo lieleweke. Tulikaa dawati moja shule ya wasichana, Nuzhat na mimi, na mtihani wa historia wa darasa la kumi nilimzidi alama nane. Nane. Kisha mimi nikaolewa, yeye akakaa nyumbani na magodoro ya babu yake na kujisomea mtihani wa serikali wa kuongoza wageni, akaufeli mara mbili, akaupasi. Kila Jumapili anapopita na shali yake ile, mimi nakoroga sufuria kwa nguvu kuliko chai inavyohitaji. Lakini wivu ni wivu na nyani ni nyani, siwezi kuvichanganya.

Ndipo wakatokea wanawake wawili kwa miguu. Mmoja kijana, amebeba begi na chupa ya maji, mwingine mkongwe mfupi, sari ya pamba chini ya sweta la kiume, soksi ndani ya ndala. Mama mkwe na mke wa mwanawe. Walisema wametoka Jabalpur, wana leo tu, treni yao ni ya jioni.

— Binti, chai mbili, — yule mkongwe akaniambia. — Na utuambie, tupate wapi mtu wa kutuzungusha? Huyu mkwe wangu anataka kusoma kwenye simu. Mimi nataka mtu anayepumua.

Sijawahi kumwona Profesa akisimama haraka vile. Blanketi likabaki kwa Breki. Akachana nywele kwa vidole, akaiweka kadi yake nje ya koti.

— Mama, mmefika penyewe. Girdhari, miaka ishirini na miwili, mwenye kibali. Leo nitawaonyesha yote, na treni yenu mtaipata.

— Sema basi kidogo, nikusikie.

Profesa akavuta pumzi. Flashi akanikonyeza. Wote tulijua maana ya hili. Hawa walikuwa wawili tu, hawakuwa kumi na wawili, lakini ilikuwa Jumapili, na mtu akirudi kituoni Jumapili akiwa na wageni wanaotabasamu, ajenti atamwona.

— Mama, — akaanza, — kulikuwa na mfalme aliyempenda mke wake kuliko kiti chake. Mafundi elfu ishirini, miaka ishirini na miwili, kama mimi mwenyewe kazini. Tembo elfu moja wakibeba mawe. Na kazi ilipokwisha, mafundi wakakatwa mikono, wasije wakajenga nyingine.

— Haba na haba hujaza kibaba, — Breki akachangia.

— Ng'ambo ya mto alitaka kujijengea nyingine ya marumaru nyeusi. Mwanawe akamfunga Ngomeni. Miaka minane akaitazama kwa dirishani, machozi yakitoka, mpaka akafa.

— Maskini, — yule mkongwe akasema. — Na mke? Yeye alikufa kwa nini?

— Uzazi, Mama. Mtoto wa kumi na nne. Saa thelathini za uchungu, hemani, mfalme yuko vitani. Nywele zake mfalme zikawa nyeupe kwa...

— Na mtoto?

— Mtoto gani?

— Wa kumi na nne. Aliyezaliwa.

Profesa akabaki na mkono juu, ule wa kuonyesha nywele nyeupe.

— Mtoto... alikuwa mtoto wa mfalme, Mama.

— Najua hakuwa wa jirani. Wa kiume au wa kike? Alipona?

— Wa kiume, — Breki akasema. — Ndiye huyo aliyemfunga baba yake.

— We! — Flashi akamkata. — Huyo alikuwa amezaliwa zamani, anapanda farasi tayari. Mtoto alikufa na mama yake. Wamezikwa pamoja.

— Mle wamo wawili tu, — Profesa akasema. — Malkia na mfalme.

— Mtoto mchanga hachukui nafasi.

— Basi mnajua au mnabahatisha? — yule mkongwe akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. — Mimi ni mkunga, wanangu, miaka arobaini. Mama akinifia mkononi, nikitoka nje, hata jirani asiye na adabu swali lake la kwanza ni hilo. Hapa mmejenga mlima wa marumaru, mmehesabu na tembo, hamjauliza?

Akanigeukia mimi.

— Binti, una watoto?

— Watatu, Mama.

— Basi wewe utakuwa unajua.

Nilikuwa nikijua mwaka aliokufa malkia. Niliuandika kwenye karatasi ya mtihani nikapewa alama zake. Miaka kumi na tisa nimechemsha chai karibu na kaburi la mwanamke aliyekufa akizaa, na mara mbili katika miaka hiyo mimi mwenyewe nimepelekwa kuzaa kwa rikisho ya Breki huyu huyu, na sikuwahi kuuliza.

— Sijui, Mama.

Mkwe wake akatoa simu. Mkongwe akamshika mkono.

— Acha. Tulipokuwa tunakuja tumepitwa na mwanamke kwenye kigari, shali ya kijani, watu wote wamemwinamia wanasikiliza. Yule anajua?

Kusema anajua hatukutaka. Kusema hajui hatukuthubutu. Yule mama akatungoja kadiri adabu ilivyoruhusu, akamaliza chai yake, akakaa ukingoni mwa benchi. Breki akajisogeza kumpisha.

Profesa akasogea jikoni kwangu, akanong'ona.

— Shemeji. Wewe ulisoma naye. Akitoka, muulize.

— Muulize wewe. Jumapili ni zako.

— Nikimuuliza mimi, kesho mji mzima unajua. Flashi!

— Mimi napiga picha, siulizi.

— Breki?

— Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

— Haya, nenda.

— Wahenga hawamjui Nuzhat.

Tulibishana hivyo kwa kunong'ona, watu wazima wanne, mpaka kigari kikarudi. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Nuzhat akashuka na watu wake, pua nyekundu kwa baridi, akaja moja kwa moja jikoni.

— Omvati, chai kumi na tatu, tafadhali. Hamjambo hapa?

— Hatujambo, — tukasema wote.

Akasimama pale nikimimina. Alikuwa karibu na Profesa kiasi cha mkono. Niliona Profesa akifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nilimwombea.

— Ukungu leo, — akasema.

— Mkubwa, — Nuzhat akasema.

Yule mkunga akainuka benchini, akamgusa mkono, wakasogea pembeni. Wakaongea, muda mfupi tu. Tulinyoosha shingo, neno hatukulipata. Tulichokiona ni yule mama akitikisa kichwa polepole, kisha akijifuta jicho kwa ncha ya sari, kisha akiuliza jambo jingine.

— Basi letu lina viti viwili vitupu nyuma, — Nuzhat akawaambia. — Tunaelekea Ngomeni, na mchana nitawarudisha Taj. Kunyweni kwanza, bado ni baridi.

Vikawa vikombe kumi na vitano. Mimi ndiye niliyevimimina, na cha mwisho nilikijaza kwa kuinamisha sufuria na kukung'uta tangawizi. Walipokwisha kuondoka, Profesa akaninyooshea kikombe chake, na Flashi chake, na Breki chake. Nikawaonyesha sufuria.