Vipande Vinane katika Pindo la Sketi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwalimu wa ushonaji na michezo, aliyefariki dunia wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka themanini na moja. Wanafunzi walimwita Bi. Futi, kwa kuwa futikamba haikutoka shingoni mwake. Alifundisha katika shule moja ya wasichana kwa miaka thelathini na minne. Ushonaji asubuhi, michezo alasiri. Yashikeni hayo mawili, maana kisa chote kimo humo.

Alipoanza kazi, wasichana hawakukimbia. Walirushiana mpira, basi. Wazee wa bodi ya shule walishikilia kwamba msichana akikimbia mbele ya wanaume anajivunjia heshima. Bi. Futi alibishana nao miaka miwili. Mwishowe walikubali kwa sharti moja: sketi ishuke kiganja kimoja chini ya goti, na isipande. Ikimpanda mmoja, mbio zimekwisha kwa wote.

"Shangazi alisema siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, akaisahau baiskeli shuleni," anasimulia binti wa kaka yake, ambaye ni muuguzi. "Furaha ilimpanda kichwani."

Sasa sketi itazuiwaje isipande? Bi. Futi alitafuta vipande vya madini ya risasi, vile vinavyotiwa kwenye pindo la pazia ili lisipeperuke. Kila kimoja kilikuwa sawa na kifungo cha koti. Akavishonea ndani ya mapindo kwa mkono wake, kila msichana vipande viwili. Wasichana arobaini wakakimbia. Bodi ikanyamaza.

Kisha akaja msichana mmoja mrefu, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Wenzake walimpa jina la Kiberiti. Mbio zake zilikuwa mita mia nne. Na kadiri mtu anavyokaza mwendo, wasikilizaji wapendwa, ndivyo sketi inavyopanda. Siku moja ya mazoezi mwenyekiti wa bodi aliletewa kiti kando ya uwanja. Akanyoosha fimbo yake. "Yule mrefu," akasema, akiielekeza kwenye sketi.

Bi. Futi akaongeza vipande viwili. Wiki iliyofuata, viwili tena, na baada yake viwili vingine. Kufikia siku ya mashindano, wenzake walikuwa na viwili viwili, Kiberiti alikuwa na vinane. Narudia: wenzake viwili, yeye vinane. Aliyewashinda wote kwa mbio ndiye aliyebebeshwa kuliko wote. Naye hakujua. Aliamini kwamba sketi zote ni sawa.

"Mwalimu, sketi hii inanivuta chini kama mtoto anayetaka kubebwa."

"Uzito uko kichwani mwako. Simama wima."

"Kichwa changu nakijua, Mwalimu. Hakina kitu."

Wenzake wakaangua kicheko. Bi. Futi hakucheka.

Siku ya mashindano, wawili wa kwanza walikuwa waingie timu ya taifa. Kiberiti aliongoza hadi kona ya mwisho. Hapo sketi ikamnasa mapajani, hatua zikafupika. Akamaliza wa tatu, nyuma kwa upana wa kiganja. Alijitupa kwenye nyasi akihema, akainua macho kumtazama mwalimu wake. Wanafunzi walikuwapo, walimu walikuwapo, na wazee wa bodi.

"Kulikoni?" akauliza mwenyekiti.

Bi. Futi alikijua kisa chote. Akajibu, "Hakujitahidi."

Mwisho wa muhula aliliandika neno hilo hilo katika ripoti. Kiberiti hakukimbia tena.

Miaka ikapita, na dunia ikageuka. Wazee wa bodi wakastaafu. Zikaja kaptula, kwanza za magotini, kisha fupi. Leo yupo msichana anayekimbia kwa kaptula, na yupo anayekimbia kwa suruali ndefu na kilemba, kila mmoja kwa hiari yake. Watu wakamwita Bi. Futi mama wa mbio za wasichana. Kila aliposifiwa, alitazama viatu vyake.

"Nilidhani ni unyenyekevu," anasema muuguzi. "Kumbe shangazi aliona aibu."

Vile vipande aliweza kuvitetea: bila hivyo, asingekimbia hata mmoja. Neno lile hakulipatia utetezi. Alikuwa na miaka sabini na minane alipokwenda kwa Kiberiti, ambaye sasa ni dobi, mwenye duka lenye mvuke na meza tatu za kupigia pasi. Kwenye kamba zilikuwa zimeanikwa kaptula za wanariadha wasichana, zenye namba.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeleta nguo gani?"

"Marahaba. Sikuleta nguo."

"Basi umeleta maneno, na maneno mimi sifui."

Bi. Futi akamweleza, akiwa amesimama. Alikataa kiti.

"Wenzangu walikuwa na vingapi?" akauliza dobi.

"Viwili."

"Na mimi?"

"Vinane."

Dobi akalimaliza kwanza shati lililokuwa mezani, mkono mmoja, kisha wa pili. Akaisimamisha pasi.

"Nina watoto wanne, Mwalimu. Binti wa pili alichukua miguu yangu. Nilimkataza riadha. Nilimwambia, sisi kwetu hatuna bidii, tusijiaibishe."

Dobi akaishika pasi tena.

"Sitakuambia nimekusamehe, nikakudanganya mtu mzima. Ulinisema mbele ya watu. Kayaseme na haya mbele ya watu."

Akaahidi. Mwaka uliofuata shule iliadhimisha miaka tangu ianzishwe, naye Bi. Futi akapewa kipaza sauti. Dobi alikuwa ameketi safu ya tatu, na binti yake wa pili kando yake. Bi. Futi alifungua kinywa, akazungumzia faida za kuwahi vipindi. Makofi yakapigwa. Safu ya tatu viti viwili vikabaki vitupu.

"Usiku wake hakula," asema muuguzi. "Akaniambia, mwanangu, nimekuwa mwoga mara mbili."

Ndipo akaandika. Karatasi hiyo ninayo mkononi. Aliomba isomwe redioni atakapokufa, na sitasema kwamba huo ni ujasiri. Nilimpigia dobi simu, nikamuuliza kama anaridhia. Akasema, "Isome. Nitaongeza sauti, wateja wasikie. Binti yangu nimemwita."

Nasoma kama ilivyoandikwa: "Mwanafunzi wangu wa mita mia nne alikimbia na vipande vinane vya risasi, nilivyomshonea mimi bila kumwambia. Alijitahidi kuliko wote. Nilisema uongo, kwa kuogopa wazee watano walioketi vitini."

Tunatoa pole kwa muuguzi na kwa jamaa wote wa marehemu. Tunatoa pole pia pale dukani, kwa mama na kwa binti. Na wewe unayesikiliza, ikiwa yupo uliyemwita mvivu ilhali unajua kilichomzuia, usingoje redio ikusemee. Mwendee, ungali na kinywa chako.