Unaisi Vakacegu na X ya Baba Yake

Marehemu Unaisi Vakacegu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 hapa Vunisei, Rewa, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Semi Vakacegu na marehemu mama Torika. Mdogo wake pekee, Litia, ndiye anayesoma haya. Unaisi alianza shule ya misheni hapahapa, akaendelea Suva, kisha Brisbane, alikosomea vinasaba. Alikuwa mbishi; mwalimu wake alimbandika jina la "Kwa Nini".

Mwaka 1989 aliolewa na Apenisa, wakajaliwa Mereoni na Isoa.

Alifanya kazi maabara ya Suva, akitambua maiti na kuunganisha jamaa waliopoteana. Mwaka 2004 walianza kupima kromosomu X. Baba anayo moja tu, na binti zake wote huwapa hiyohiyo. Kwa kuwa walizoea kujaribu mashine kwa damu za watu wa nyumbani, Unaisi alipima yake na ya Litia. Hazikuwa na X moja ya baba.

Mmoja wao hakuwa wa Semi, na mashine haikusema nani. Mama alikwisha kufariki. Mate ya mzee yangetosha kujua, lakini asiye wa damu ya ukoo hazikwi kwenye kilima hiki cha makaburi yetu, hivyo hakuthubutu kuyapima. Mzee alimtania: "Unapima Fiji nzima, mwanangu, mate yangu tu ndiyo yanakutia kinyaa?" Unaisi alicheka naye, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia.

Tangu hapo, kila alipokuja nyumbani alikula magimbi ya dalo, akaondoka kabla bakuli la kinywaji cha yaqona halijazunguka. Tulisema anaringa. Kumbe alikuwa amenaswa na mtego wa siri hiyo.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya ini. Alifariki tarehe 14 Agosti 2023. Siku chache kabla ya hapo alimwambia Litia, "Mdogo wangu, mmoja wetu si wa Baba. Sijui nani. Niliogopa kujua."

"Ni mimi, Dada. Mama aliniambia nilipoolewa. Baba alinilea akijua."

"Ukanyamaza muda wote huo?"

"We mwenyewe si ulinyamaza? Nikadhani umejua, unanidharau."

Walicheka hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha Unaisi akamshika mkono. "Usiwaambie wazee. Watakunyima kaburi karibu yangu."

Litia aliitikia. Leo anaivunja ahadi hiyo, kwa kuwa mtego uliomla dada yake hataki kuurithi.

Unaisi ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na Litia, anayewauliza ninyi wazee wa ukoo, mliokaa hapa wote: pale kushoto kwa kaburi la Unaisi patakuwa pa Litia, au siyo?

Lala salama, Dada. Kujibu ni juu yao sasa.