Siyo Moja ya Mheshimiwa Faraji Mchopa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Faraji Mchopa, mbunge wetu tunayemuaga leo, pamoja na mama yetu Bi Halima uliyeketi kando yake, Waheshimiwa Madiwani, Sheikh wetu na Padri wetu, wazee wa kijiji, walimu wenzangu, kina mama wa kikundi cha pwani, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta ingawa mmekwishaambiwa mshuke: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo nyote?

Kwa wageni msionifahamu, mimi ni Mwalimu Farida Nampembe. Nilifundisha katika shule hii mpaka nilipostaafu, na tangu hapo, maji yakipwa, nakwenda na wenzangu kwenye miamba kutafuta pweza na chaza, kama alivyofanya mama yangu. Nimeombwa niwaeleze kazi ambayo mbunge wetu amekuwa akiifanya bungeni kwa vipindi viwili. Ni kazi ngumu kuieleza, kwa sababu sehemu kubwa yake haina kishindo. Hakuwahi kuwa waziri. Hakuwahi kutokea kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti. Alikaa viti vya nyuma, akasoma, akahudhuria kamati, akauliza maswali yake ya maandishi kuhusu visima, walimu na dawa za zahanati, kisha akarudi nyumbani kutueleza alichojibiwa.

Wengi wenu mnajua alikotoka. Alikuwa mtaalamu wa mikorosho pale kituo cha utafiti cha Naliendele, mtu wa kukagua majani na kuzungumza na wakulima mmoja mmoja. Na mnajua pia, wala yeye mwenyewe hafichi, kwamba ana kigugumizi. Tulipomchagua mara ya kwanza walikuwapo waliouliza: mtu wa namna hii atatusemea nini? Na ilipokuja bajeti, wabunge wakiitwa kwa majina kupiga kura, tukamsikia redioni akijibu "Ndiyo", mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Vijana wakambandika jina. Nalisema mbele yake kwa sababu analijua: Bwana Ndiyo.

Ndugu zangu, niwaulize. Mtu anayesema ndiyo kila mwaka, ni kwa sababu hana msimamo, au ni kwa sababu amesoma na ameridhika? Ukiwa mbali huwezi kujua. Sisi tulijua siku ulipoletwa muswada ule wa uvuvi.

Ulikuwa muswada mzuri kwa sehemu kubwa. Ulikuwa unawabana wanaovua kwa baruti, na nani hapa hajaona baruti ilivyoua matumbawe yetu? Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kinachosema kwamba hakuna mtu atakayevua isipokuwa kwa kutumia chombo kilichosajiliwa. Siamini kwamba aliyekiandika alitutakia mabaya. Hakutujua tu. Hakufikiri kwamba wapo watu wanaovua kwa miguu.

Mheshimiwa alinipigia simu akiwa Dodoma. Akaniuliza, taratibu, kama kawaida yake: "Mwalimu, hivi kina mama wakienda pwani maji yakipwa, wa-wanakuwa na chombo?"

Nikamwambia, "Chombo gani, mheshimiwa? Labda ndoo."

Akacheka. Akasema, "Basi nakuja."

Akaja kweli. Alikunja suruali, akatembea nasi mpaka kwenye miamba ya mbali, nyuma ya Bi Shamimu. Bi Shamimu, simama kidogo wageni wakuone. Huyu mama ni mjane, na wajukuu zake wote wamesomeshwa na pweza. Mheshimiwa alimuuliza maswali njia nzima: unajuaje shimo lenye pweza, mdogo mnamwacha, mkikatazwa mtakula nini. Alikanyaga kwa uangalifu, lakini mwishowe akakanyaga pasipostahili, akachomwa na urumba, yule mnyama wa miambani mwenye miiba mwili mzima, na Bi Shamimu akamkalisha juu ya jiwe kumtoa miiba huku akimkaripia kama mtoto wake. Hakuondoka. Alikaa mpaka maji yakaanza kutufukuza.

Aliporudi bungeni akaandaa jedwali la marekebisho. Aliomba maneno machache tu yaongezwe, kwamba katazo lile lisiwahusu wanaovua kwa miguu. Mwenzake mmoja, rafiki yake, alimshauri aliache: muswada ni wa serikali, chama ni chake, na uchaguzi uko karibu. Akamjibu kwamba amekwishatembea na watu hao na hawezi kujifanya hakuwaona.

Siku hiyo tulijaa dukani kwa Paulo, kwenye redio. Mnakumbuka? Aliposimama kuitetea hoja yake, kigugumizi kilimshika kwenye neno la kwanza. Alikuwa anatafuta kusema "pweza". Vijana wakaanza kucheka. Mimi nilitazama chini. Akajaribu tena, na tena, akalipata, akaendelea, lakini muda wa kuzungumza una kikomo kwa kila mbunge, na kengele ikalia kabla hajafika mwisho. Wabunge wakaulizwa, marekebisho yake yakakataliwa. Hatimaye wakaulizwa kuhusu muswada wote. Wanaoafiki waseme ndiyo: ikaja sauti kubwa kama paa linadondoka. Wasioafiki waseme siyo.

Tukasikia sauti moja. "Siyo."

Haikukwama hata kidogo. Dukani hakuna aliyecheka. Bi Shamimu alisema, "Yule ni mwanangu," akaondoka zake nyumbani.

Sheria ikapita. Ilipoanza kutumika, sisi tukakaa. Siwezi kuwaeleza, ndugu wageni, namna ilivyo kuyaona maji yakipwa, miamba ikitokeza, na wewe umeketi mlangoni huna pa kwenda. Nyumba nyingi zilirudi kwenye muhogo mtupu. Wapo walioanza kusema kwamba mbunge ameudhi wakubwa bure. Alipokuja kwenye mkutano, hapa hapa uwanjani, kijana mmoja akamuuliza kwa ukali, "Mheshimiwa, ulikuwa peke yako. Umetusaidia nini?"

Akamuuliza, "Nyinyi mlio-mlionituma, mko wangapi?"

Kijana akatazama umati, akasema, "Wengi."

"Basi sikuwa peke yangu," akasema. "Na kazi haijaisha."

Ilipokuja bajeti iliyofuata, tukategemea atakataa. Jina lake lilipoitwa, akajibu, "Ndiyo." Nilikasirika, nikampigia simu mwenyewe. Nikamwambia, wametufungia pwani nawe unawapa ndiyo? Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia, "Mwalimu, ile ba-bajeti ina dawa za zahanati yetu. Nikisema siyo kwa hasira, mgonjwa atapona kwa hasira yangu?" Nimefundisha miaka mingi, lakini somo la kura sikulielewa mpaka siku ile. Kila jambo linapimwa peke yake. Hatoi kura kumkomoa mtu, wala kumfurahisha mtu.

Naye hakuiacha pwani. Kila kikao alileta swali, na kila jibu likampa swali la nyongeza. Wakati wa chai alikaa na wabunge wa mikoa mingine ya pwani, wa chama chake na wa vyama vingine, akiwauliza: kwenu kina mama hawaendi miambani? Wakagundua wanakwenda, na wamefukuzwa vilevile. Mheshimiwa Beatrice, mbunge kutoka pwani ya kaskazini, akaungana naye, kisha wengine. Kamati ikakubali kutusikiliza.

Ndivyo mimi na Bi Shamimu tulivyofika Dodoma. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri kuliko hii. Mwenyekiti wa kamati akampa nafasi Bi Shamimu kwanza, naye akasema, kwa Kiswahili chake chenye Kimakonde ndani yake, "Wanangu, mie sikujaga kugombana. Baruti nami siipendi, inaniulia pweza wangu. Nnachoomba mniache nitembee." Akaketi. Hotuba yangu nikairudisha mkobani.

Marekebisho yakaletwa na serikali yenyewe. Jina la mbunge wetu halikutajwa popote katika maelezo yake, na yeye hakudai litajwe. Tulijaa tena dukani kwa Paulo. Wakaulizwa wanaoafiki, tukatega masikio tumsikie mtu wetu, lakini hatukumsikia. Sauti yake ilikuwa imezama ndani ya sauti za wenzake. Bi Shamimu alilia, na mimi nililia, na Paulo akagawa soda kwa watu wote, jambo ambalo halijatokea tena.

Mheshimiwa Faraji, hukugombea safari hii, kwa hiari yako, na umetuambia unarudi kwenye mikorosho. Huendi ukiwa na cheo kikubwa. Unakwenda ukiwa mtu ambaye kina mama wanaweza kumsimamisha njiani wakamuuliza kura yake ya mwaka wowote, naye akaeleza sababu. Bi Halima, wewe ulivumilia nyumba isiyo na mwenyewe nusu ya kila mwaka. Tunakushukuru wewe kwanza.

Na wewe kijana unayetaka kiti hiki siku moja, najua upo hapa, pengine uko juu ya ukuta: hatutakuuliza kama unajua kupiga kelele. Tutakuuliza kama umesoma, na kama umetutembelea.

Ndugu Mkuu wa Wilaya, ningependa kuendelea, ila leo ni bamvua, siku ya maji kupwa mbali kabisa, na yameanza kupwa. Kina mama wenzangu wananitazama kwa muda mrefu sasa. Ndoo zetu zimepangwa nyuma ya turubai. Utusamehe tukiondoka kabla ya chakula. Tutakileta cha kwetu jioni, mheshimiwa wetu ale pamoja na mkewe.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza juani, nawashukuru nyote. Bi Shamimu, twende.