Aliyepaka Waridi Asiloliona

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Waridi, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alikuwa mpole, mcheshi, na aliogopa kuchekwa kuliko mtu yeyote tuliyemjua.

Alianza shule mwaka 1959. Akiwa darasa la tatu alichora ng'ombe malishoni, akapaka nyasi rangi ya kahawia na ng'ombe kijani. Mwalimu akadhani ni utundu, akamsimamisha mbele ya wenzake wamcheke. Hapo ndipo alipojua kwamba macho yake hayatofautishi baadhi ya rangi, akaapa mtu mwingine asijue.

Mwenye siri ya namna hiyo angekimbilia useremala. Lakini mjomba wake alikuwa fundi rangi, na kazi iliyopatikana mwaka 1968 ilikuwa hiyo tu. Enzi hizo kila mtu alitaka kuta nyeupe, basi mambo yakaenda.

Siku ya kujitambulisha ukweni alivaa shati la waridi akiamini ni la kijivu. Shangazi wa mama alicheka hadi akatoka nje. Mama hakucheka. Alimvuta kando akamwuliza, “Hilo shati unaliona rangi gani?”

“Si kijivu?”

“Haya. Kuanzia leo nguo zako nitachagua mimi.”

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, na mama akachagua rangi za kuta pia. Ile waridi iliyopoa, iliyowaleta wateja hadi kutoka mitaa ya mbali, aliichanganya yeye uani: nyeupe nyingi, nyekundu kidogo sana, na njano ya kuipoza ili chumba kisifanane na pipi. Alipaka kwanza kipande cha ubao, akakitazama asubuhi na jioni kabla ya kuridhika. Baba alibeba ndoo, akapaka kwa mkono safi usioacha alama ya brashi. Aliposifiwa alisema, “Hiyo ni siri ya fundi.”

Mwaka 1986 mama alikuwa hospitali akijifungua kitinda mimba. Rangi ikaisha katikati ya chumba cha bibi harusi mmoja, na baba akaona haya kusema asubiriwe. Akachanganya mwenyewe. Kuta tatu zilikuwa waridi, ya nne ikatoka kijani cha ukungu, naye akasimama mbele yake akiisifu. Mama wa bibi harusi alipoanza kulia, baba alisema, “Mke wangu ndiye aliyechanganya. Nilimwonya.”

Mama alikwenda kuomba radhi, mtoto mchanga mgongoni. Alisemwa sana siku ile. Kwa miaka mingi watu walimtania kwamba asiguse ndoo za mumewe. Baba alikuwepo, akainamisha kichwa, akanyamaza. Tunaona aibu kuyasoma haya mbele ya jeneza lake, lakini ametuagiza.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na mapafu. Alipoona hali imekuwa mbaya alituita, akasema wasifu wake usisomwe bila habari ya ule ukuta. Mama alikataa. “Ya nini kujidhalilisha, baba watoto? Yameshapita.”

“Aibu ni yangu, mama watoto. Umenibebea mno.”

“Sasa si useme mwenyewe, watu waje?”

Baba alijaribu. Majirani walikuja, wakaketi, akawauliza habari za watoto wao hadi wakaaga. Alilia walipoondoka. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Na ninyi mnaolala katika vyumba vile vya waridi, mliokuja leo kumshukuru fundi aliyebuni rangi ile: fundi yuko hai. Amekaa kiti cha mbele, na hajawahi kupewa asante.

Baba, pumzika kwa amani. Tumeshasema.