Mama Ratiba na Zamu ya Mtaa Wake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ratiba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Nyumba yao ilikuwa na kandili moja tu, nayo ilimfuata mwenye kazi ya haraka zaidi. Mwenyewe alikuwa akisema mgao aliujulia hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974. Hesabu zilimkubali. Baba yake alimwachia kukadiria vitambaa vya sare za shule, na hakukosea hata robo mita.

Januari 1976 aliajiriwa na shirika la umeme, karani wa chumba cha udhibiti, akiandika kila saa nchi inatumia umeme kiasi gani. Wakati huo wahandisi walikuwa wanaumiza vichwa: kila Jumapili saa kumi jioni matumizi yalipanda ghafla na mitambo ikaelemewa. Walilaumu viwanda, wakalaumu joto. Karani akaweka kalamu chini.

"Samahani wakubwa, mashati yenu ya Jumatatu ananyoosha nani?"

Kumbe nchi nzima ilikuwa inapiga pasi sare za shule. Tangu hapo mtambo wa akiba uliwashwa Jumapili saa tisa na nusu, na shirika likampeleka chuo. Mwaka 1991 akawa mkuu wa mgao, wa kwanza kutoka meza ya makarani. Familia inajivunia hilo mpaka leo.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi wa laini. Fundi huyo, kabla ya kupanda nguzo, alikuwa akiuliza kwa redio kama umeme umekatwa, na aliyemjibu ni marehemu. Ndugu walipohoji anaoaje sauti, alisema, "Miaka mitatu ananiambia panda, na sijaungua hata kidole. Nimtafute nani mwingine?" Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, umeme ukawa hautoshi, na marehemu ndiye aliyepanga nani akatiwe na lini. Sokoni walimwita Mama Giza, naye akawaitikia na kuendelea kuchagua nyanya. Hospitali alizitoa kwenye ratiba. Nyumba yake hakuitoa. Jumamosi ya tarehe 19 Agosti, kifungua mimba wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuwa anaolewa, na zamu ikauangukia mtaa wao. Binti alimsihi wiki nzima abadilishane na mtaa mwingine. Jibu lilikuwa lile lile: "Zamu ni zamu, mwanangu." Muziki ulizimika, wajomba wakahutubia kwa kupiga kelele, soda zikanywewa zikiwa vuguvugu. Binti alinuna, akakaa miezi saba bila kukanyaga kwa mama yake. Anakiri mbele yenu, na anaona aibu.

Marehemu alistaafu 2016. Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na binti huyo ndiye aliyempeleka. Siku moja, mashine ikiunguruma kando ya kitanda, alimuuliza kwa nini alikataa siku ile.

"Mtaa ule mwingine nao ulikuwa na bibi harusi," marehemu akasema. "Sikumjua jina, lakini alikuwepo."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wawili.

Juzi chumba cha udhibiti kilipiga simu. Laini ya mtaa huu ina zamu leo, saa sita hadi saa kumi. Je, waiache kwa heshima ya mkuu wao? Binti aliwashukuru sana, akawaambia wakate. Ndiyo maana wasifu huu unasomwa bila kipaza sauti. Mlioko nyuma, tafadhali sogeeni.

Apumzike kwa amani, mama aliyekaa kwenye zamu yake.